Dartmoor: Nyika ya miamba na maboma ambako haki ya kupita ilipiganiwa mahakamani

MSAFIRI anayetoka Moretonhampstead kuelekea Princetown, katika jimbo la Devon kusini-magharibi mwa Uingereza, huliona kando ya barabara jiwe refu lililochongwa kwa umbo la msalaba na kuinama kidogo kama mzee aliyechoka. Jiwe hilo huitwa Bennett's Cross. Ubavuni mwake zimechorwa herufi mbili, WB, ambazo ni kifupi cha maneno yenye maana ya mpaka wa shamba la sungura.

Hapo ndipo wengi huanzia mojawapo ya matembezi ya mzunguko yanayopendwa sana katika nyika ya Dartmoor. Njia hiyo hupita vilele viwili vya miamba, mashimo ya wachimba bati na boma la mawe lenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, kisha humrudisha mtembezi alipoanzia. Ni mwendo wa nusu siku kwa asiye na haraka. Hata hivyo, katika nusu siku hiyo mtu huona jinsi kizazi baada ya kizazi kilivyoweka mipaka juu ya ardhi ileile, na jinsi mipaka hiyo ilivyoanguka mmoja baada ya mwingine.

Miamba ilivyojitokeza

Dartmoor ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, na ina ukubwa wa kilomita 954 mraba. Kilele chake cha juu kabisa, High Willhays, kina urefu wa mita 621 kutoka usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya nyika hii haina miti. Imefunikwa na nyasi ngumu, kangaga na vichaka vifupi vinavyotoa maua ya zambarau mwishoni mwa kiangazi. Kondoo, ng'ombe na farasi wadogo hulishwa humo pasipo ua.

Chini ya nyasi hizo kuna matale, yaani mawe ya graniti, yaliyoganda kutokana na uji wa moto wa ardhini yapata miaka milioni 280 iliyopita. Tabaka zilizoyafunika zilimomonyoka. Maji yakapenya katika nyufa na kuozesha mawe polepole, na baridi kali ya zama za barafu ikayapasua. Sehemu zilizokuwa imara zikabaki zimesimama vileleni, jiwe juu ya jiwe, na vipande vilivyovunjika vikatapakaa kwenye miteremko. Wenyeji huita kilele cha namna hiyo "tor". Msomaji aliyewahi kufika Kit Mikayi, kule Seme katika Kaunti ya Kisumu, atapata picha ya jinsi maumbile yanavyoweza kupanga mawe hadi mtu akadhani ni kazi ya mikono.

Birch Tor na mashimo ya bati

Kutoka Bennett's Cross, njia hupanda kuelekea Birch Tor, kilele cha kwanza. Mtembezi anapoteremka upande wa pili hukutana na makorongo marefu yenye kingo zilizosimama wima. Haya hayakuchimbwa na mito. Ni kazi ya wachimba bati waliofuata mishipa ya madini tangu enzi za kati. Machimbo ya Birch Tor na Vitifer yaliendelea hadi karne ya 20, kisha yakafungwa. Leo kangaga imeota mahali ambapo mamia ya wanaume walikuwa wakitoka jasho.

Walikuwako pia wafugaji wa sungura, ambao ardhi yao ndiyo iliyowekewa mpaka kwa jiwe la WB. Waliwafuga kwa ajili ya nyama na ngozi katika bonde la Headland Warren. Baa ya Warren House iliyoko barabarani, karibu na mwanzo wa safari, imepata jina lake kutokana na ufugaji huo. Inasemekana kuwa moto wa mekoni mwake haujazimwa tangu jengo lilipofunguliwa mwaka 1845.

Mkabala na baa hiyo huonekana viwanja vinne vidogo vilivyozungushiwa kuta za mawe. Hadithi ya wenyeji hudai kwamba hizo ni karata nne zilizomponyoka mcheza kamari mmoja alipokuwa akichukuliwa na shetani, siku ambayo radi ilipiga kanisa la Widecombe. Radi hiyo si hadithi. Ilipiga kweli tarehe 21 Oktoba 1638, ibada ikiendelea, na kuua waumini kadhaa. Ama viwanja vyenyewe, inaaminika vilikuwa mashamba ya wafuga sungura.

Boma la Grimspound

Baada ya kuvuka bonde na barabara nyembamba, njia hupanda hadi Grimspound, palipo kiini cha safari hii. Boma hili limekaa kati ya vilele vya Hookney Tor na Hameldown Tor, katika mwinuko wa takriban mita 450. Ukuta mnene wa matale, ambao sasa umeporomoka, unazunguka eneo la karibu ekari nne. Ndani yake kuna mabaki ya nyumba 24 za mviringo. Lango kubwa lililosakafiwa kwa mawe linaelekea Hameldown, na kijito kidogo hupita ndani ya boma upande wa kaskazini.

Wakazi wake waliishi katika Zama za Bronzi, wakati binadamu alipojua kuchanganya shaba na bati kupata bronzi ya kutengenezea silaha na zana. Wachunguzi waliofukua mahali hapo mwaka 1894, miongoni mwao kasisi na mwandishi Sabine Baring-Gould, walikuta meko, majivu, mashimo ya kupikia na kingo za mawe zilizoinuliwa ndani ya nyumba, ambazo huenda zilikuwa vitanda. Mifupa hawakuikuta, kwa kuwa udongo wa huko una asidi inayoila. Sehemu ya mawe tunayoyaona yamesimama leo ilisimamishwa upya na watu hao, jambo ambalo lililaumiwa na wataalamu wengine wa wakati huo.

Vibanda vya namna hii ndivyo vilivyompa Arthur Conan Doyle maficho ya mpelelezi wake Sherlock Holmes katika riwaya ya "The Hound of the Baskervilles", iliyoanza kuchapishwa mwaka 1901.

Kwa nini waliondoka

Kutoka Hookney Tor, kilele cha pili, boma lote huonekana kama pete iliyoangushwa nyasini. Swali humjia mtu papo hapo: mbona waliliacha?

Watu wa zama hizo waligawa sehemu kubwa za Dartmoor kwa kuta ndefu za mawe zilizonyooka, kilomita baada ya kilomita. Mwanaakiolojia Andrew Fleming alizichunguza kwa kina kuanzia miaka ya 1970 na kuonyesha kwamba ulikuwa mpango kamili wa mashamba na malisho. Lakini miti ilikuwa imekatwa, udongo ukapungua rutuba, na hali ya hewa ikazidi kuwa ya mvua na baridi. Udongo mweusi wa kinamasi ukaenea. Kabla ya miaka 1000 K.K. makao mengi ya nyanda za juu yalikuwa yameachwa.

Nani ana haki ya kupita

Zaidi ya thuluthi moja ya hifadhi ni ardhi ya malisho ya pamoja. Neno hilo lisimpotoshe msomaji: ardhi hiyo ina wenyewe, ila wakulima wa jirani wana haki ya kulisha mifugo humo. Sheria ya mwaka 1985 iliongeza haki ya umma kuingia, kwa miguu au kwa farasi, kwa ajili ya burudani ya nje.

Je, kulala ndani ya hema ni burudani? Wenye ardhi wawili wa kusini mwa Dartmoor walisema sivyo. Mwezi Januari 2023 Mahakama Kuu ilikubaliana nao, na maelfu ya watu wakaandamana nyikani. Julai mwaka huo Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo. Tarehe 21 Mei 2025 Mahakama ya Juu ilitoa neno la mwisho kwa kauli moja: haki ya kulala nyikani ipo. Nchini Uingereza hakuna eneo jingine kama hilo ambapo sheria inampa mtu haki ya kupiga kambi bila kuomba ruhusa ya mwenye ardhi.

Kwa anayekwenda

Ukungu hushuka ghafla Dartmoor, hata katikati ya kiangazi, kwa hiyo ramani, dira na koti la mvua havikosi kuhitajika. Moto hauruhusiwi, na miongozo ya hifadhi inakataza kupiga kambi juu ya mabaki ya kale. Mawe yasihamishwe, hata kwa nia njema ya kuyapanga, kwani jiwe likishaondolewa mahali pake huwa limepoteza ushahidi wake.

Kutoka Hookney Tor njia huteremka magharibi, huvuka tena bonde na kurudi kwenye jiwe lenye herufi WB. Hakuna tena sungura wa kulindwa mpakani hapo, na ukuta wa Grimspound hauzuii hata kondoo. Njia ya miguu ndiyo bado inatumika kila siku.