Mgongo Ndani ya Chuma

Hapa Kiseke usiku ukishatulia, honi ya meli ziwani husikika kana kwamba chombo kimefungwa uani. Mchana huisikii. Usiku hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na sauti iliyotaka kupaa hupinda ikaturudia.

Lakini sauti ninayotaka kuizungumzia leo haikuanzia hewani. Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika. Tumbo lake likabaki juu ya maji, na ndani walikuwamo watu hai, wakigonga. Waliokuwa nje wakawasikia.

Kwa nini kugonga, si kupiga kelele? Sauti ni mtikisiko ambao chembe za kitu hupokezana. Hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Katika chuma, kama 5,000. Lakini ikitoka hewani kuingia kwenye chuma au maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Kelele za wale waliofungiwa ziliwarudia wenyewe. Ukigonga bamba lenyewe ni jambo jingine: linatikisika kama ngozi ya ngoma, na aliye upande wa pili anasikia.

Haya si mageni. Mwaka 1826, katika Ziwa Geneva, Daniel Colladon na Charles Sturm walipiga kengele ndani ya maji na kuwasha baruti papo hapo. Aliyekuwa ng'ambo, zaidi ya kilomita 13, aliona mwanga, akahesabu sekunde mpaka mlio ulipofika. Wakapata mita 1,435 kwa sekunde. Miaka 170 baadaye, ziwani kwetu, kusikia hakukuwa tatizo. Bamba lilitobolewa ili watu watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikafyatuka, maji yakapanda, meli ikazama nao. Kwa jumla walikufa zaidi ya watu 800.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Wazamiaji wakasikia tena sauti ndani. Safari hii walipitia majini, na Septemba 22 wakamtoa fundi mmoja wa kivuko, akiwa hai, kwenye kijisehemu kilichobakiwa na hewa.