Kelele ya mashini iko na historia

Kila mwaka kuko mwenzetu mwenye anamaliza masomo, anapata kazi ya kwanza, na anauliza: ninunue vipande gani ili nijijengee mashini ya nyumbani yenye nguvu, ya michezo na filme, lakini yenye haipigi kelele? Wengi banamujibu na majina ya kadi na bei. Mimi ninapendaka kumujibu na historia, juu kelele haikutoka mu hewa. Kelele ni mtoto wa joto, na joto iko na tarehe zake.

Tuanze mu 1974. Mhandisi wa IBM, Robert Dennard, alionyesha pamoja na wenzake kama ukipunguza ukubwa wa transista na voltaji yake kwa kipimo kimoja, umeme unaotumika kwa kila sehemu ya kipande hauongezeki. Maana yake: unaweza kuweka transista nyingi zaidi, zenye mbio zaidi, bila joto kuzidi kwa eneo lile lile. Viwanda vilikula matunda ya kanuni hiyo karibu miaka 30. Mashini za 386, zenye zilianza mu 1985, prosesa yao kwa kawaida ilikaa wazi, bila ventilateri juu yake. Na Pentium ya 1993, ventilateri juu ya prosesa ikaanza kuwa kitu cha kawaida.

Kisha mashindano ya megahezi ikaharibu mambo. Pentium 4 ilitoka mu Novemba 2000, ikijengwa kwa kukimbia. Lakini transista zilikuwa zimekuwa ndogo sana mpaka umeme ulikuwa unavuja hata wakati hazifanyi kazi, na voltaji haikuweza kushuka tena kama zamani. Mu Februari 2004 ikatoka Prescott. Aina zake zingine zilipita wati 100. Mu Mei ya mwaka ule ule Intel ikafuta mradi wa Tejas wenye ulipashwa kuifuata, na mu Oktoba ikaacha mpango wa kufika gigahezi 4. Upande wa kadi za picha, GeForce FX 5800 Ultra ya 2003 ilikuwa na kelele sana mpaka watu banaifananisha na mashini ya kufyonza vumbi. Nvidia yenyewe ilitengeneza video ya kuchekesha juu ya ile kelele.

Wokovu ulitoka wapi? Kwa watu wenye walikuwa banahesabu betri. Timu ya Intel ya Israeli ilikuwa imetengeneza Pentium M ya 2003 kwa ajili ya mashini za kubeba, na wazo lile njo lilizaa Core 2 Duo ya 2006: wati 65, na mbio kuliko Pentium 4. Kadi za picha nazo zikapitia njia ile: GTX 980 ya 2014 ilipangiwa wati 165, wakati GTX 780 Ti ya mwaka mbele yake ilikuwa na 250. Lakini tusijidanganye: RTX 4090 ya 2022 inaomba wati 450. Kila kizazi kinachagua tena.

Sasa tuone namna joto linatoka. Ventilateri ikizunguka nusu ya mbio, inasukuma nusu ya hewa, lakini sauti inashuka kwa desibeli karibu 15. Masikio inasikia tofauti kubwa sana. Tena ventilateri ya milimita 120 inafagia eneo mara 2,25 ya ile ya 80. Njo sababu kubwa na ya polepole inashinda ndogo na ya haraka. Chini yake kuko mabomba ya shaba: ndani muko maji kidogo, upande wa joto maji inageuka mvuke, upande wa baridi inarudi kuwa maji, na inatembea tena kurudi mwanzo. George Grover alitengeneza bomba ya namna ile Los Alamos mu 1963. Shaba ile tunaijua sisi. Katanga inaichimba tangu zamani, na Kivu inatoa koltani yenye inaingia mu vikondensa vya vifaa vya umeme. Madini inaondoka kwetu kwa tani, inaturudilia kwa gramu, na bei ya kutisha.

Kwa hiyo, kwa mwenye anachagua leo, mimi ninafuata mpango huu. Kwanza, hesabu wati mbele ya kuhesabu mbio. Pili, shusha kikomo cha umeme cha kadi ya picha. Mara nyingi unapoteza mbio kidogo tu, na joto inapungua sana. Tatu, weka kipozeo kirefu chenye ventilateri ya 120 ao 140. Nne, chukua sanduku lenye uso wa matundu. Ile ya kufungwa kabisa inalazimisha ventilateri kupiga kelele. Tano, alimenta yenye alama ya 80 PLUS Gold, isiyofanya kazi ku mwisho wa nguvu yake. Sita, diski ya SSD ndani; ile kubwa ya kuzunguka, yenye filme, iwekwe mu chumba kingine.

Na wati si hesabu ya matajiri. Wengi wetu tunaishi na umeme wa kukatika-katika na betri ya volti 12, ampe-saa 100. Ile ni wati-saa 1.200. Mashini ya wati 400 inaimaliza mu saa 3, ya wati 200 mu saa 6, na ile ni kwa karatasi tu. Kwa kweli ni chini ya hapo. Na mu nyumba yenye watoto banalala mu chumba kimoja na meza yako ya masomo, mashini yenye inanguruma itazimwa na mama mbele ya betri kuisha.

Muuzaji atakuonyesha gigahezi na taa za rangi. Wewe muulize kwanza: inakula wati ngapi, na joto yake itatokea wapi?