Manjano: Kiungo cha mchuzi, si mbadala wa dawa

MANJANO, ambayo wengine huiita binzari ya manjano, ni kiungo kitokanacho na shina la chini ya ardhi la mmea uitwao kitaalamu Curcuma longa. Mmea huo ni wa jamii moja na tangawizi. Asili yake ni Asia ya Kusini, na hapa Afrika Mashariki hulimwa katika maeneo kama Zanzibar na Tanga.

Rangi yake hutokana na kemikali za asili, hasa kurkumini, iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1815. Katika unga wa manjano, kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya uzito.

Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa kurkumini huzuia utendaji wa protini iitwayo NF-kB, ambayo huamsha jeni zinazochochea uvimbe na maumivu mwilini. Vilevile hudhibiti chembe huru, ambazo huzalishwa seli zinapotumia oksijeni na ambazo zikizidi huharibu kuta za seli na vinasaba.

Hata hivyo, yanayotokea maabara si lazima yatokee mwilini. Kurkumini haiyeyuki vizuri katika maji, utumbo hufyonza kiasi kidogo, na ini huibadilisha upesi. Utafiti wa mwaka 1998 ulibaini kuwa gramu 2 za kurkumini zikimezwa pamoja na miligramu 20 za piperini, kemikali ya pilipili manga, ufyonzwaji wake huongezeka kwa asilimia 2,000.

Tathmini ya kisayansi ya mwaka 2017, iliyogusia majaribio zaidi ya 120, haikupata uthibitisho madhubuti kuwa kurkumini inatibu ugonjwa wowote. Nafuu ya maumivu ya goti imeripotiwa, lakini mengi ya majaribio hayo yalihusisha watu wachache.

Manjano inayotiwa katika mchuzi ni salama kwa watu wengi. Tahadhari inahitajika kwa vidonge vyenye dozi kubwa, ambavyo vimehusishwa na madhara ya ini. Wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na wenye mawe katika kibofu cha nyongo wapate kwanza ushauri wa daktari.

Muhimu zaidi, mgonjwa wa kisukari, baridi yabisi au saratani asiache dawa alizoandikiwa hospitali kwa kutegemea manjano pekee.