Nguo Zilizonunua Kisiwa

Kila mwanafunzi wa tarehe ya pwani amepata kusikia kwamba Kilwa ilinunuliwa kwa nguo. Ali bin al-Hassan, mwana wa sultani wa Shirazi, alifika kwa jahazi, akakipenda kisiwa, akamwomba mwenyewe amwuzie apate makao. Mwenye kisiwa akataka nguo za rangi za kukizunguka kisiwa chote. Zikatolewa, mwuzaji akachukua mali yake akavuka bara. Ndivyo isemavyo tarehe ya Kiarabu ya Kilwa, ambayo nakala yake imehifadhiwa London, na ambayo S. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Mreno João de Barros, aliyeanza kuchapisha kitabu chake mwaka 1552, ana habari isiyo mbali na hiyo.

Wengi huisoma habari hii wakacheka, wakimwona mwuzaji kuwa mjinga aliyetoa nchi kwa vitambaa. Na tupige hesabu kidogo. Kisiwa kina ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi. Hata kingekuwa duara kamili, mzunguko wake usingepungua kilomita 12, yaani mikono zaidi ya 26,000, au doti zaidi ya 3,000. Na ufuko wa Kilwa si duara, umejaa vihori na mikoko. Ikiwa habari ni kweli, bei ilikuwa kubwa. Ikiwa ni hadithi, basi aliyeitunga aliijua vema thamani ya nguo katika pwani hii.

Linalonishughulisha hasa ni lile lililofuata. Siku zile, yasema tarehe, maji yalipokupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu toka bara hata kisiwani. Mwuzaji akaazimu kurudi, amwue mnunuzi na kutwaa mali yake. Mwislamu mmoja aliyekuwa akikaa kisiwani, jina lake Muriri wa Bari, akamtahadharisha mgeni. Ukachimbwa mfereji mahali pale pa kivuko. Mwuzaji akaja, akangoja maji yakupwe kama desturi yake, hayakukupwa. Akakata tamaa, akarudi.

Basi, msomaji, mtu aliyenunua kwa haki, na bei akailipa, ahitaji mfereji wa nini? Mwingereza anunuaye nyumba kongwe ya mawe katika mashamba ya Dordogne, Ufaransa, husaini hati yake mbele ya mwanasheria aliyewekwa na serikali kwa kazi hiyo, kisha hulala usingizi. Hachimbi mfereji, kwa kuwa yeye na mwuzaji wake wanakaa chini ya sheria moja. Kilwa, nadhani, hawa wawili hawakuuziana kitu kimoja. Mmoja aliona amelipa na mambo yamekwisha. Wa pili yamkini alishika mila iliyojulikana na watu wengi wa nchi zetu: mgeni hupewa mahali pa kukaa, naye hutoa kitu cha kumtambua mwenye nchi, wala kitu hicho hakimwondoi mwenye nchi katika haki yake. Tarehe humwita mtu huyo kafiri na kumpa nia ya kuua. Lakini tarehe iliandikwa upande wa mnunuzi.

Wazee wa Kilwa wenyewe walisimulia kwa njia nyingine. Katika habari ya Kiswahili aliyoichapisha Carl Velten mwaka 1907, mwenyeji ana jina, Mrimba, mtu wa Wamachinga. Nguo zimo, na mwuzaji huzuiwa asirudi. Lakini pia limo jambo ambalo Mwarabu hakulitaja: mgeni alimwoa binti Mrimba. Akazaliwa mtoto wa kiume, naye alipokua akaenda bara kumwamkia babu yake, na babu akamkabidhi utawala. Hapo haki haikupita katika nguo, ilipita katika tumbo la mama. Ni kama kwamba wasimulizi hawa waliona nguo peke yake haitoshi.

Elimu ya siku hizi haijamthibitisha Ali wala Mrimba. Uchimbuzi wa Neville Chittick, ulioanza miaka ya 1950, ulionyesha kwamba watu walikaa Kilwa tangu yapata mwaka 800, wakivua na kufua chuma, kabla ya sarafu zenye jina la Ali bin al-Hassan. Basi hakuna aliyenunua pori. Tena mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya pwani, ya Kilwa ikiwamo: wengi wa watu wale walitoka kwa mama za Kiafrika na baba waliokuwa na asili ya Uajemi. Mifupa imeegemea upande wa ndoa.

Wageni wa baadaye walikuwa na njia zao. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa, apate watumwa 1,000 kila mwaka. Huyo alinunua watu. Mwaka 1895 Wajerumani hawakununua: waliandika amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Dola, na aliyeamua kama ina mwenyewe ni Dola hiyo hiyo. Leo, chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, na asiye raia hapewi ila kwa uwekezaji. Ali, angefika sasa, asingepata shamba la kujengea makao, hata angekuwa na doti ngapi.

Nilipoisomesha habari hii, mwanafunzi mmoja wa Lindi aliniuliza swali ambalo sikupata kulisoma kitabuni. Mtu akusudiaye kuua na kuiba, alisema, huja usiku kwa mtumbwi. Huyu mbona alikuja kwa miguu, akasimama ufukoni mchana, akingoja maji?