Utafiti wa afya ya mbwa na magonjwa yao ya kurithi (Afrika Mashariki)

Makala haya yanahusu kazi za kisayansi zilizofanywa juu ya mbwa wa kufugwa nchini Kenya na nchi jirani tangu mwanzo wa karne ya 20. Sehemu kubwa ya kazi hizo, na fedha nyingi pia, imehusu maradhi ambayo mbwa humwambukiza binadamu, kichaa cha mbwa kikiwa mbele. Magonjwa ya kurithi yamechunguzwa zaidi Marekani na Ulaya, hata pale ambapo mbwa mwenyewe ana asili ya Afrika. Mfano mashuhuri ni Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo na Sudan Kusini.

Jijini Nairobi taasisi zinazohusika ziko karibu karibu. Kampasi ya tiba ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi na makao ya ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) ziko Kabete, kilomita chache kutoka Kawangware. Makao makuu ya KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) yako kando ya Barabara ya Mbagathi, jirani na Kibera. Maonyesho ya mbwa wa nasaba ya chama cha East Africa Kennel Club yamekuwa yakifanyika uwanja wa Jamhuri, ambao nao umepakana na Kibera. Mbwa wa mitaa yenyewe, yaani Kongo na Gatina kule Kawangware au Gatwekera na Soweto kule Kibera, wengi ni koko au chotara wa kulinda ploti, na katika maandishi ya kitaalamu hutajwa kwa nadra. (Kongo hii ya Kawangware isichanganywe na Kongo ya Basenji.)

Chimbuko

Maabara ya mifugo ya Kabete ilianza kazi karibu na mwaka 1910. Shughuli yake ilikuwa ng'ombe: sotoka, ndigana na homa ya mapafu. Mbwa aliingia maabara hasa akiwa amekufa, kichwa kikiwa kimekatwa ili ubongo upimwe. Mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na kichaa nchini Kenya alipatikana mwaka 1912 karibu na Nairobi, na mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu aliripotiwa mwaka 1928 upande wa Ziwa Viktoria. Kitivo cha tiba ya mifugo kilianzishwa Kabete mwaka 1962.

Ugonjwa wa kutokwa damu wa Nairobi

Katika vitabu vya tiba ya mbwa, Nairobi imeacha jina lake kwenye ugonjwa mmoja unaoenezwa na kupe. Ugonjwa huo husababishwa na bakteria aitwaye Ehrlichia canis, aliyeelezwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935. Kupe wa kahawia wa mbwa, anayeweza kuzaliana ndani ya banda na hata kwenye nyufa za ukuta wa nyumba, ndiye mbebaji. Mbwa hupata homa, hukonda, ufizi hupauka, kisha chembe za kugandisha damu hupungua mpaka pua ikaanza kutoka damu. Waingereza waliokuwa Kenya waliuita kwa jina la mji huu. Dunia nzima ilishtuka miaka ya mwisho ya 1960, mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani walipokufa kwa ugonjwa huo huko Vietnam.

Hapa ndipo suala la urithi lilipojitokeza. Mbwa wa polisi wa Kijerumani (German Shepherd) walikufa kwa wingi, ilhali wengine walioumwa na kupe wale wale walipona au waliishi na vimelea bila dalili kubwa. Mwaka 1980, Nyindo, Huxsoll na Ristic walichapisha matokeo ya majaribio yaliyolinganisha mbwa wa polisi na Beagle: kinga ya chembe hai ya mbwa wa polisi ilikuwa dhaifu zaidi dhidi ya bakteria huyo. Mwaka huo huo Price na Karstad walionyesha kwamba bweha wa Kenya wanaweza kuwa hifadhi ya ugonjwa huo porini. Tiba ya kawaida ni doksisaikilini, nayo hufaa ikiwahiwa. Mwenye mbwa wa polisi jijini bado humwogopa kupe kuliko kitu kingine, na ana sababu.

Kichaa cha mbwa

Hakuna ugonjwa wa mbwa uliofanyiwa utafiti wa kina Afrika Mashariki kuliko huu. Duniani kote unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Makadirio ya serikali ya Kenya yamekuwa watu 2,000 hivi kwa mwaka.

Utafiti unaoheshimiwa zaidi ni ule wa Machakos, uliofanywa miaka ya 1990 na P. M. Kitala wa Kabete pamoja na wenzake. Badala ya kungoja taarifa zifike ofisini, watafiti waliwatumia wanajamii kufuatilia kila tukio la mbwa kuuma au kubadilika tabia. Hesabu iliyopatikana ilitisha: visa 860 vya kichaa kwa kila mbwa 100,000 kwa mwaka, na watu 234 walioumwa na wanyama kwa kila wakazi 100,000. Rekodi za serikali zilikuwa zimeona sehemu ndogo tu ya hayo.

Lililo muhimu zaidi kwa mada hii ni kwamba utafiti huo uliuliza jambo ambalo halikuwa limeulizwa sana: mbwa wa kijijini anaishi vipi, na kwa muda gani? Jibu lilikuwa kwamba dume aliyezaliwa Machakos angetarajiwa kuishi miaka 3.5, na jike miaka 2.4. Maana yake kwa chanjo ni nzito. Mbwa waliochanjwa mwaka huu, wengi hawatakuwepo baada ya miaka miwili, na nafasi zao zitakuwa zimeshikwa na watoto wasiochanjwa. Katika uchambuzi uliofuata mwaka 2002, kundi hilo lilikadiria kwamba kila mbwa mwenye kichaa Machakos alikuwa akiambukiza wengine 2.44 kwa wastani, na kwamba kuchanja asilimia 59 ya mbwa kungetosha kuukata mnyororo wakati wowote. Kwa kuwa kinga ya kundi hupungua upesi kati ya kampeni moja na nyingine, lengo la asilimia 70 linalopendekezwa kimataifa ndilo linalofuatwa.

Tanzania ina kazi nyingi zaidi na wafadhili wakubwa zaidi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ya mbwa uliua theluthi hivi ya simba wa Serengeti ukavuka hadi Maasai Mara. Mbwa wa vijiji vya pembezoni walitiliwa shaka, na kuanzia hapo wakawa na umuhimu ambao hawakuwa nao. Watafiti Sarah Cleaveland, Katie Hampson na wenzao, pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara, wamekuwa wakiwachanja na kuwafuatilia kwa miaka mingi, kwa fedha za Wellcome Trust na chanjo zilizotolewa na kampuni ya MSD. Mojawapo ya matokeo yenye manufaa ya moja kwa moja ni ugunduzi, uliochapishwa mwaka 2016, kwamba chanjo ya kichaa iitwayo Nobivac inabaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Kijiji kisicho na friji kikawa kinaweza kutunza chanjo. Kisiwani Pemba kichaa kilimalizwa mwaka 2014, kikarudi mwaka 2016, kikamalizwa tena mwaka 2018.

Maradhi mengine yanayompata binadamu

Turkana iliwahi kuwa na viwango vya juu kabisa duniani vya uvimbe wa maji unaotokana na minyoo ya mbwa, na shirika la afya la AMREF liliendesha mpango wa kuwapa mbwa dawa huko kuanzia miaka ya 1980.

Basenji

Basenji ni mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye masikio wima na mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine. Jaribio la kumpeleka Uingereza lilifanyika mwaka 1895; mbwa hao walionyeshwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts kama mbwa wa Kongo, wakafa kwa distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alichukua mbwa 6 kutoka Sudan, nao wakafa baada ya kudungwa chanjo ya distempa ya siku hizo. Olivia Burn ndiye aliyefanikiwa, na mbwa wake walioonyeshwa Crufts mwaka 1937 walivuta umati. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alisafiri hadi kusini mwa Sudan na kurudi na jike aliyeitwa Fula, ambaye damu yake imeenea karibu kila mahali.

Idadi ya mbwa waanzilishi ilikuwa ndogo mno, na matokeo yake yalijulikana. Mwaka 1971 watafiti walieleza upungufu wa damu wa kurithi katika Basenji, unaotokana na kukosekana kwa kimeng'enya cha pairuveti kinasi ndani ya chembe nyekundu. Chembe hizo huishiwa nguvu na kupasuka kabla ya wakati, na mbwa hufa akiwa bado kijana. Kipimo cha damu kiliwawezesha wafugaji kuwatambua wabebaji, nao wakawaondoa katika uzazi kwa ukali. Wafugaji wenyewe husimulia kwamba ukali huo ulizidi kulibana kundi ambalo tayari lilikuwa dogo.

Ugonjwa wa pili ulikuwa mgumu zaidi kuukabili. Mwaka 1976 ilichapishwa taarifa ya Basenji watatu waliokuwa na sukari kwenye mkojo ilhali sukari ya damu yao ilikuwa ya kawaida. Huo ni ugonjwa wa Fanconi: mirija ya figo hushindwa kurudisha mwilini sukari, asidi amino, fosfeti na bikaboneti, vyote vikatoka na mkojo. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukonda, damu yake huwa na asidi nyingi, na asipotibiwa figo hufa. Kwa kawaida dalili huanza kati ya miaka 4 na 7. Kufikia umri huo jike ameshazaa mara kadhaa, na dume huenda ameshapandishwa kwa majike wengi. Mfugaji mwaminifu kabisa alikuwa akieneza ugonjwa bila kujua. Kinga iliyokuwepo ilikuwa kupima mkojo kila mwezi kwa vijiti vya wagonjwa wa kisukari, na tiba ilikuwa vidonge vya bikaboneti kufuatana na utaratibu ulioandikwa na Steve Gonto, aliyekuwa akifuga Basenji.

Maabara ya Gary Johnson katika Chuo Kikuu cha Missouri ilitoa kipimo cha kwanza cha DNA mwaka 2007. Kilisoma alama iliyo karibu na jeni yenye kasoro, si kasoro yenyewe, kwa hiyo mara nyingine kilikosea. Kipimo cha moja kwa moja kilifuata mwaka 2011. Kwa kuwa mbwa huugua pale tu anaporithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, mbebaji anaweza kupandishwa na asiye na kasoro bila mtoto yeyote kuugua. Haikuwa lazima tena kuwatupa wabebaji.

Njia nyingine ilikuwa kurudi Kongo kutafuta damu mpya. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani, wakiwemo Jon Curby, Michael Work na Damara Bolté, walikwenda kaskazini-mashariki mwa Zaire (jina la Kongo wakati huo) na kurudi na mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 American Kennel Club (AKC) ilifungua kitabu chake cha nasaba ili kuwapokea. Wawindaji waliowazalisha na kuwatunza mbwa hao kwa vizazi hawatajwi kwa majina katika simulizi nyingi za safari hizo.

Jenomu ya kwanza kamili ya mbwa, iliyochapishwa mwaka 2005, ilikuwa ya Boxer aitwaye Tasha. Mwaka 2021 ilichapishwa jenomu ya Basenji aitwaye China, kazi iliyoongozwa kutoka Australia, ikipendekezwa kama kipimo bora cha kulinganishia kwa kuwa Basenji yuko karibu na shina la mbwa wote.

Jenetiki ya mbwa wa vijijini

Mwaka 2009 Adam Boyko wa Cornell na wenzake walichapisha uchunguzi wa mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Walithibitisha kwamba Basenji ana asili ya Afrika kweli, lakini Ridgeback wa Rhodesia kwa sehemu kubwa hana. Ridgeback, anayependwa na baadhi ya wafugaji wa Kenya, ana tatizo la kurithi la tundu la ngozi mgongoni, linalohusishwa na mabadiliko yale yale ya jeni yanayompa mstari wake wa nywele. Hilo lilielezwa mwaka 2007.

Ufadhili

Utafiti wa magonjwa ya kurithi hulipiwa hasa na wapenda mbwa. Morris Animal Foundation ilianzishwa Marekani mwaka 1948, na AKC Canine Health Foundation mwaka 1995. Vilabu vya kila aina ya mbwa huchangisha kwa ajili ya aina yao. Morris inafuatilia Golden Retriever 3,044 maisha yao yote tangu mwaka 2012. Kwa utaratibu huo, aina yenye wenyewe matajiri hupata kipimo, na koko wa Kawangware hana klabu. Afrika Mashariki fedha hutoka kwa wafadhili wa afya ya binadamu, kama Wellcome Trust na Gates Foundation, ambao hulipa ili mbwa asiue mtu.

Hali ya sasa

Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, chini ya kitengo cha pamoja cha wizara za afya na mifugo. Chuo Kikuu cha Nairobi na Washington State University wamekuwa wakishirikiana katika utafiti wa kichaa, S. M. Thumbi akiwa miongoni mwa viongozi wake. Kaunti za mwanzo zilikuwa Machakos, Makueni, Kitui, Siaya na Kisumu. Nairobi haikuwamo.