Wenyeji Waliogeuzwa Wapangaji: Funzo la Culloden

Kuna maneno mawili ya Kiswahili ambayo huwa nawahimiza wanafunzi wangu wayapime kwa makini: mwenyeji na mmiliki. Ukiyatazama juu juu utadhani yote mawili yanahusu kuwa na kitu. Lakini mwenyeji, neno lililotokana na "mwenye mji", ni mtu wa mahali. Anajulikana hapo, na makaburi ya wazee wake yako hapo. Mmiliki ni mtu mwenye hati. Anaweza kuwa anaishi Mombasa na shamba lake liko Molo, asijue hata mpaka wake unaanzia wapi. Palipo na pengo kati ya maneno haya mawili, ndipo watu hufukuzwa makwao.

Leo nataka tulitazame pengo hilo kwa mfano wa mbali: uasi wa koo za Uskoti ulioshindwa mwaka 1746. Kwa Mkenya, nyanda za juu ni Nyeri, Kericho na Molo. Nyanda za juu ninazozizungumzia hapa ni za kaskazini na magharibi mwa Uskoti, nchi ya milima, mvua na mawe, ambako wakati huo wakulima walizungumza Kigaeli.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Mwaka 1688 Mfalme James wa nasaba ya Stuart, aliyekuwa Mkatoliki, alipinduliwa. Wafuasi wake wakaitwa Jacobite, kutokana na Jacobus, yaani James kwa Kilatini. Ndilo jina letu Yakobo. Waliasi mwaka 1689, wakaasi tena 1715 na 1719. Mara ya mwisho ilikuwa 1745, pale mjukuu wa James, Charles Edward Stuart, kijana wa miaka 24 aliyezaliwa Rome, aliposhuka katika kisiwa cha Eriskay akiwa na watu wachache tu. Agosti 19 bendera yake ilipandishwa Glenfinnan. Mwezi uliofuata aliingia Edinburgh na kulishinda jeshi la serikali huko Prestonpans. Kufikia Desemba alikuwa Derby, ndani kabisa ya England, kama kilomita 200 hivi kutoka London. Hapo makamanda wake wakasema basi, turudi.

Aprili 16, 1746, katika uwanda wa Culloden karibu na Inverness, walikabiliana na jeshi la Duke wa Cumberland, mwana wa mfalme aliyekuwa madarakani. Pambano halikuchukua hata saa moja. Watu wa Charles kati ya 1,500 na 2,000 waliuawa au kujeruhiwa, ilhali waliokufa uwanjani upande wa serikali walikuwa kama 50 hivi.

Wako wanaosimulia kisa hiki eti kilikuwa vita vya Waskoti dhidi ya Waingereza. La hasha. Akina Campbell walipigania serikali. Wakuu wa koo kubwa za kisiwa cha Skye, MacLeod wa Dunvegan na MacDonald wa Sleat, walikataa kumuunga mkono Charles. Naye Charles alikuwa na kikosi kilichoandikishwa Manchester, England. Tuliweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji baadaye.

Sasa tumgeukie mkulima wa kawaida. Neno la Kigaeli clann, tunalolitafsiri ukoo, maana yake ni watoto. Wanaisimu wanatueleza kuwa asili yake ni planta la Kilatini, yaani mche. Ukoo basi ulikuwa watoto wa babu mmoja, hata kama wengi wao hawakuwa na damu yake, na mkuu wa ukoo alikuwa baba yao. Chini ya mkuu walikuwepo jamaa zake waliokodishiwa maeneo makubwa, ambao nao waliwakodishia wakulima wadogo. Vita vikizuka, jamaa hao ndio waliokuwa maofisa.

Wakulima waliishi katika baile, kijiji cha nyumba chache za mawe na udongo zilizoezekwa kwa nyasi. Mashamba ya shayiri na oti waligawana vipande vipande, na kila baada ya muda vipande hivyo vilibadilishwa mikono ili mmoja asibaki na rutuba na mwingine na mawe. Malisho yalikuwa ya wote, kila nyumba ikiwa na idadi yake ya mifugo. Miezi ya joto ilipofika, wanawake na watoto walipanda milimani na ng'ombe, wakakaa vibandani wakikamua na kutengeneza siagi na jibini. Kodi ililipwa kwa nafaka, siagi, kuku, siku za kazi, na kwa upanga: baba akiita, wanaume huenda.

Kwa upande wao, watu waliamini wana haki ya kubaki pale walipozaliwa. Haki hiyo waliiita dùthchas. Nikitakiwa kulitafsiri neno hilo, nitasema uenyeji. Haikuandikwa popote.

Tusiupambe mfumo huo. Njaa iliwatembelea mara kwa mara, na mkuu alikuwa na mahakama yake mwenyewe, akiwa mlalamikaji na hakimu kwa wakati mmoja. Mwaka 1745 wako wanaume walioambiwa waende vitani au nyumba zao zichomwe moto. Lakini ulikuwa mfumo ambamo mkuu aliwahitaji watu, kwa kuwa nguvu zake zilihesabiwa kwa idadi ya wanaume.

Baada ya Culloden, askari walizunguka mabondeni wakichoma nyumba na kuswaga ng'ombe hadi Fort Augustus, ambako wafanyabiashara waliwanunua. Ng'ombe ndio waliokuwa benki ya mkulima. Aliyenyang'anywa mwezi Mei hakuwa na maziwa miezi ya joto, wala cha kupeleka mnadani baadaye. Hata hivyo, serikali ilipoahidi pauni 30,000 kwa atakayemtoa Charles, hakuna aliyezichukua. Alijificha kwa miezi mitano, akapanda meli kwenda Ufaransa. Wakulima walibaki.

Kisha zikaja sheria. Inayokumbukwa zaidi ni ile ya mavazi. Kuanzia Agosti 1, 1747, mwanamume aliyevaa vazi la nyanda za juu alifungwa miezi sita. Akirudia, alipelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Ilidumu hadi 1782. Lakini sheria nzito kuliko hiyo hazina rangi ya kuwavutia watalii. Moja ilifuta mahakama za kurithi za wakuu, na nyingine ikafuta umilikaji wa ardhi uliotegemea utumishi wa kijeshi. Wakuu walioitii serikali walilipwa fidia kwa kupoteza mahakama zao. Jumla yake ilipita pauni 150,000, na Duke wa Argyll peke yake alipata 21,000. Je, mkulima alilipwa nini? Hakulipwa. Alichokuwa nacho ni dùthchas, na dùthchas haikuwa na karatasi.

Hapo ndipo uhusiano wa watu na ardhi ulipogeuka. Mkuu asiyeruhusiwa kuwa na jeshi hana haja ya wanaume wengi. Anachohitaji ni pesa za kuishi London au Edinburgh kama mabwana wengine. Watu waliokuwa utajiri wake wakawa mzigo.

Je, ni haki kuulaumu ushindwe wa Culloden kwa yote yaliyofuata? Hapa natofautiana na wengi. Mabadiliko yalikuwa yameanza. Mwaka 1737 Duke wa Argyll alimtuma wakili Duncan Forbes katika visiwa vya Mull na Tiree ili ardhi ikodishwe kwa atakayeahidi bei ya juu zaidi, awe jamaa au asiwe. Forbes huyo ndiye aliyekuwa bwana wa Culloden, na karibu na jumba lake ndipo pambano la 1746 lilipofanyika. Tazama pia Sutherland, ambako mkuu wake aliiunga mkono serikali mwaka 1745. Ni huko huko, kati ya 1807 na 1821, ambako maelfu ya watu waliondolewa mabondeni ili kondoo waingie. Kwa hiyo kufukuzwa huko hakukuwa adhabu ya uasi. Ushindwe uliondoa kizuizi cha mwisho tu. Walioshinda na walioshindwa walikuja kufanana: wote wakawa wamiliki.

Mkulima alichelewa kutambua hilo, na nadhani lugha ilichangia. Mkuu bado aliitwa kwa jina la ukoo. Bado alikuwa baba, nao bado walikuwa clann. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi hili liliwajua, na liliwala. Wako waliopinga. Mwaka 1792 wakulima wa Ross waliswaga maelfu ya kondoo kuwatoa nje ya wilaya yao, hadi jeshi likaitwa. Huko Strathnaver, wakala Patrick Sellar alishtakiwa kwa vifo vilivyotokea wakati wa kuwafukuza watu mwaka 1814; mahakama ilimwachilia mwaka 1816. Waliofukuzwa walipewa vishamba vya pwani, vidogo makusudi ili wasiweze kuvitegemea, walazimike kuvua samaki au kuchoma mwani kwa ajili ya viwanda vya sabuni na kioo. Chakula chao kikawa viazi, navyo viliozeshwa na ugonjwa mwaka 1846. Wengi walihamia Kanada na Australia.

Lugha nayo haikunusurika. Mwalimu na mshairi Alasdair mac Mhaighstir Alasdair, aliyekuwa kapteni katika uasi ule, alichapisha mashairi yake ya Kigaeli mwaka 1751 katika kitabu ambacho jina lake lilimaanisha ufufuo wa lugha ya kale ya Uskoti. Shule zilikuwa na mpango mwingine. Katika baadhi ya shule hizo mtoto aliyesema Kigaeli alivishwa kijiti shingoni, maide-crochaidh. Msomaji wa rika langu hahitaji maelezo. Nasi tulivishwa diski kwa kosa la kuongea lugha ya mama.

Kufanana huko si sadfa tupu. William Mackinnon, ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kifalme ya kuitawala sehemu hii ya Afrika mwaka 1888, alizaliwa Campbeltown, katika Argyll ile ile. Jina lake liko mpaka leo kwenye reli ya Mombasa. Misheni ya Waskoti iliyoanzia Kibwezi mwaka 1891 ilihamia Ugikuyu, na wenyeji wakapaita Thogoto, yaani Scotland kwa matamshi ya Kikuyu. Na sheria ya Mfalme huyo huyo ikafuata. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu kwa ridhaa ya Mfalme. Uenyeji haukuwa na uzito mbele ya hakimu.

Waskoti wa nyanda za juu walipata nafuu mwaka 1886, miaka 140 baada ya Culloden. Hawakupewa bure. Mwaka 1882 wakulima wa Skye waligoma kulipa kodi na kupambana na polisi, tume ikaundwa, na sheria ikampa mkulima mdogo haki ya kutofukuzwa, kodi ya haki na uwezo wa kurithisha shamba. Kwa mara ya kwanza uenyeji uliandikwa. Lakini waliokwisha kufukuzwa hawakurudishiwa mabonde yao.

Sisi tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, inayoziruhusu jamii kusajili ardhi zao kwa jina la pamoja. Jamii nyingi hazijafanya hivyo, kwa kuwa kila mtu pale anajua ardhi ni ya nani. Wakulima wa Sutherland nao walijua. Basi kiongozi akija barazani akiwaita wenyeji, mshukuruni kwa heshima hiyo, kisha mwulizeni hati imeandikwa jina la nani.