Karatasi ya sita: Kwa nini thuluthi ya wanawake imekwama Bungeni

Mpigakura wa Hurlingham, mtaa ulio katika wadi ya Kilimani, magharibi mwa jiji la Nairobi, hupewa karatasi sita siku ya Uchaguzi Mkuu: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wadi na mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Hiyo ya sita haina jina la mwanamume hata mmoja. Zile tano zi wazi kwa wote, na ndizo zinazodhihirisha mahali alipofika mwanamke katika siasa za Kenya.

Mnamo 2022 eneobunge la Dagoretti Kaskazini, ambamo Hurlingham imo, lilimchagua Bi Beatrice Elachi. Kati ya maeneobunge 17 ya Nairobi, ni hilo pekee lililompeleka mwanamke Bungeni. Bi Elachi hakuwa mgeni katika uongozi. Aliteuliwa seneta 2013, akawa Spika wa Bunge la Kaunti ya Nairobi 2017, akang'olewa kwa kura ya madiwani Septemba 2018, akarejea, kisha akajiuzulu Agosti 2020. Wanaobeza viti vya uteuzi kuwa zawadi ya vyama husahau kwamba vimekuwa chuo cha siasa kwa baadhi ya wanawake.

Kitaifa, maeneobunge ni 290. Wanawake walioyatwaa walikuwa 16 mwaka wa 2013, 23 mwaka wa 2017 na 29 mwaka wa 2022. Ukiongeza wawakilishi 47 wa kaunti, waliochaguliwa 2022 wanafika 76. Hata kama viti vyote 12 vya uteuzi vingepewa wanawake, idadi isingezidi 88, ilhali thuluthi moja ya wabunge 349 ni 117.

Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa. Kwa mabunge ya kaunti ilieleza pia njia: baada ya uchaguzi, viti maalum huongezwa na kugawiwa vyama kwa kadiri ya viti vilivyoshinda katika wadi, hadi uwiano utimie. Kwa Bunge la Taifa haikuweka utaratibu kama huo. Pengo hilo ndilo chanzo cha mvutano wote uliofuata.

Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilishauri kwamba kanuni hiyo itekelezwe hatua kwa hatua, sheria yake ikipitishwa kufikia Agosti 27, 2015. Haikupitishwa. Kubadilisha Katiba huhitaji kura 233 katika Bunge la Taifa, na Februari 2019 mswada ulianguka kwa sababu wabunge wa kutosha hawakuwemo ukumbini. Ni vigumu kumshawishi mtu apigie kura sheria inayoweza kupunguza thamani ya kiti chake. Septemba 21, 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta avunje Bunge. Mahakama Kuu ilisimamisha ushauri huo siku chache baadaye, na Bunge likamaliza muhula wake 2022.

Madai hayo hayakuzaliwa na Katiba mpya. Bunge la kwanza la uhuru, 1963, halikuwa na mwanamke aliyechaguliwa; Bi Grace Onyango wa Kisumu Mjini alivunja mwiko huo 1969. Bi Phoebe Asiyo alipowasilisha hoja ya kuwatengea wanawake nafasi, 1997, ilitupiliwa mbali.

Ajabu ni kwamba viti vya ugavana, ambavyo havina kinga yoyote ya kisheria, vimesonga kwa kasi: hapakuwa na mwanamke aliyeshinda 2013, wakashinda watatu 2017 na saba 2022. Miongoni mwa hao saba, Bi Gladys Wanga wa Homa Bay na Bi Kawira Mwangaza wa Meru, ambaye Seneti ilimwondoa Agosti 2024, walitoka moja kwa moja katika kiti cha mwakilishi wa wanawake, kile cha karatasi ya sita.